Kusubiri kipimo cha kamera: kisa cha mwalimu aliyeacha kula kwa hofu

Mwalimu huyu ana miaka 51. Alipopewa tarehe ya kuingiziwa kamera kwenye utumbo mpana, alikuwa ameishi na tumbo lisilotulia kwa zaidi ya miezi miwili, na tarehe yenyewe ilikuwa wiki sita mbele. Nakieleza kisa chake kwa ruhusa yake, bila jina, kwa sababu yaliyompata ndani ya wiki hizo yanawapata wengi ninaozungumza nao kama muuguzi wa kitengo cha kamera, na faili za hospitali hazina pa kuyaandika. Faili huonyesha dalili za mwanzo na majibu ya mwisho. Yeye aliumia katikati.

Choo chake kilibadilika bila sababu ya kuonekana. Alizoea kwenda haja kubwa mara moja kila asubuhi. Sasa alikwenda mara tatu au nne kabla ya saa nne, choo laini, wakati mwingine majimaji, na haja ilimbana ghafla kiasi cha kuwaacha wanafunzi katikati ya somo. Tumbo lilijaa gesi na kuunguruma. Kulikuwa na damu nyekundu kwenye karatasi ya chooni, na mara mbili aliiona imechanganyika na choo chenyewe. Alikaa nayo kimya wiki kadhaa kwa aibu. Mumewe ndiye aliyeanza kuuliza, baada ya kuona muda anaoutumia chooni umezidi.

Daktari alimpima kwa kidole akakuta bawasiri ndogo. Angeweza kuishia hapo, akampa dawa ya kupaka na kumruhusu aende. Hakuishia hapo, nami namsifu kwa hilo: bawasiri wanazo watu wengi mno, na kuikuta hakuthibitishi kwamba damu yote inatoka hapo. Akaagiza choo kipimwe damu iliyofichika, jibu likawa mikrogramu 38 za hemoglobini, yaani ile protini inayoipa damu rangi nyekundu, kwa kila gramu ya choo. Uingereza, mtu mwenye dalili akifikisha mikrogramu 10 tu hupelekwa kwenye uchunguzi wa haraka. Hemoglobini ya mwilini ilikuwa gramu 11.4 kwa desilita, chini kidogo ya kiwango cha mwanamke. Ferritini, inayoonyesha akiba ya madini chuma, ilikuwa 14 tu, yaani chini. Kalprotektini, ambayo hupanda kuta za utumbo zinapovimba, ilikuwa imepanda kidogo. Kipimo cha tezi ya thairoidi na kile cha siliaki, ugonjwa wa utumbo kudhurika na ngano, vilirudi safi.

Majibu hayo yanasema utumbo uangaliwe. Hayasemi zaidi ya hapo. Damu ya aina hiyo inaweza kutoka kwenye bawasiri, kwenye mchaniko wa njia ya haja kubwa, kwenye vinyama vidogo vinavyoota ndani ya utumbo, kwenye utumbo uliovimba, au kwenye saratani, na wengi wanaokutwa nayo hawana saratani. Upungufu wa madini chuma nao ulikuwa na maelezo mawili, kwa kuwa bado alikuwa anapata hedhi, tena nzito. Daktari alimweleza hivyo, akamwandikia vidonge vya kuongeza damu na kamera. Barua ya hospitali iliyofuata ilikuwa na tarehe, saa, na maelekezo ya dawa ya kusafisha tumbo. Kuhusu namna ya kuishi hadi siku hiyo haikuwa na hata sentensi moja.

Kilo nne

Jambo la kwanza alilolifanya lilionekana la busara. Aliona kwamba haja inamjia dakika chache baada ya kula, akaacha kula asubuhi. Kwa wiki moja alifundisha vipindi vya mwanzo bila kutoka darasani. Akaacha na chakula cha mchana.

Alichokiona kilikuwa sahihi. Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana hupewa ishara ya kujikunja na kusukuma kilichomo ili kupisha kinachokuja. Watu wote wana ishara hiyo. Kwa mtu ambaye utumbo wake umeamka kupita kiasi huja kwa nguvu, na inaumiza. Kula hakuleti ugonjwa, kunaitisha haja tu. Lakini mtu aliyekwisha kuaibika mbele ya wanafunzi hana subira ya kupambanua hayo.

Ndani ya wiki tatu uzito wake ulishuka kilo nne. Alikuwa amesoma kwamba kupungua uzito ni dalili ya saratani ya utumbo, na alikuwa anapanda mzani asubuhi na jioni. Kila gramu iliyopungua aliihesabu kuwa ushahidi. Alinipigia simu, akaanza na habari ya uzito kabla hata ya kujitambulisha.

"Sista, nimepungua kilo nne. Mimi sijifichi tena, najua kinachonila."

"Pole sana, Mwalimu. Jana ulikula nini?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akataja chai na kipande cha mkate usiku.

"Na juzi?"

Juzi ilikuwa hivyo hivyo.

Uzito unaomtia daktari wasiwasi zaidi ni ule unaoshuka huku mtu anakula kama alivyozoea. Mtu anayekula mlo mmoja mdogo kwa siku atapungua hata kama utumbo wake ni mzima kabisa. Sikumwambia kwamba hana saratani, kwa kuwa sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilimwambia kwamba kilo zile nne haziwezi kutoa ushahidi wa upande wowote mpaka arudie kula.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kisa chake kwa jicho lingine. Kwa kiasi kikubwa, vitu vilivyomtisha baada ya kupewa tarehe vilikuwa vipya, na karibu kila kimoja kilitokana na jinsi alivyokuwa anasubiri. Hofu ilikuwa inamtengenezea dalili zinazofanana na za ugonjwa anaouogopa, kisha dalili hizo zinaongeza hofu. Kumwambia mtu wa namna hii "usiogope" ni kupoteza pumzi. Inabidi kukaa naye na kuchambua dalili moja moja: hii ilikuwepo kabla ya kupewa tarehe, hii imekuja baadaye, hii imeletwa na tumbo, hii imeletwa na namna unavyolihudumia tumbo.

Damu kwa mfano. Aliniambia imeongezeka. Tulipozungumza zaidi ikawa anakaa chooni nusu saa kila asubuhi, akijikamua ili amalize kila kitu kabla ya kwenda kazini, kisha anajifuta mara nyingi mpaka karatasi irudi nyeupe. Kukaa muda mrefu na kujikamua huongeza shinikizo kwenye mishipa ya bawasiri, na kujifuta kwa nguvu huchubua ngozi. Damu ya nyongeza ilikuwa nyekundu angavu, juu ya karatasi tu. Ile ya mwanzo, iliyochanganyika na choo, haikuwa imerudi. Nilimwomba asizidi dakika kumi chooni, asijikamue, na ajisafishe kwa maji badala ya kujisugua. Baada ya siku chache damu ya karatasini ilipungua. Kipimo kilibaki pale pale, bado alikihitaji.

Kuharisha kwenyewe pia. Utumbo una mtandao wake wa neva, mamia ya mamilioni ya seli, uliounganishwa na ubongo kwa njia za pande mbili. Mtu akiogopa, utumbo mpana husukuma haraka na maji hayapati muda wa kufyonzwa. Daftari alimokuwa akiandika kila safari ya chooni lilionyesha asubuhi za kazi zikiwa mbaya na siku za mapumziko zikiwa na nafuu. Hilo halithibitishi kwamba tatizo ni hofu peke yake, kwa sababu hata utumbo wenye ugonjwa wa kuonekana husukumwa na hofu. Lilitosha kumwonyesha kwamba ubaya wa asubuhi moja haumaanishi kuwa ugonjwa umesogea usiku.

Usiku wa choo cheusi

Hili lilimpata siku ya nne tangu aanze vidonge vya kuongeza damu. Alichelewa kuvianza kwa sababu alihofia vitamharibia tumbo zaidi. Usiku alikwenda chooni akaona choo cheusi. Alishasoma kwamba choo cheusi ni damu. Mumewe alimkuta amekaa sakafuni, hawezi kusimama kwa kutetemeka.

Alipiga simu ya dharura ya hospitali, na kwa bahati nilikuwa zamu. Maswali niliyomuuliza nayaandika hapa kwa sababu mtu yeyote anaweza kujiuliza. Choo chenyewe kinanata na kung'aa kama lami, au kimeshikana kama kawaida yake ila rangi ndiyo imegeuka? Kina harufu kali isiyo ya kawaida? Ukisimama unaona kizunguzungu au giza? Moyo unakwenda mbio hata ukiwa umetulia? Umetapika damu au kitu cheusi? Umemeza kitu gani kipya wiki hii?

Choo chake kilikuwa kimeshikana, cheusi cha kijani, hakinati, harufu ile ile. Hakuwa na kizunguzungu. Moyo ulikuwa mbio, lakini ulitulia tulipokuwa tukizungumza. Na kulikuwa na vidonge vya madini chuma, ambavyo hugeuza rangi ya choo namna hiyo hiyo kwa watu wengi. Damu inayofanya choo kiwe cheusi na chenye kunata kwa kawaida hutoka juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ambako hukaa muda mrefu ikisagwa njiani.

Sikumwacha na maneno ya simu pekee. Nilimwomba aje asubuhi apimwe wingi wa damu. Hemoglobini ilikuwa 11.6. Naona namba ile ilimtuliza kuliko yote niliyoyasema usiku, na ndivyo inavyopaswa kuwa: mtu anayengoja jibu kubwa anahitaji majibu madogo ya kweli yanayoweza kupatikana sasa. Siku ile mumewe aliniuliza, "Kwani hatukuweza kuambiwa tu kwamba vidonge hivi vinageuza choo?" Ni sentensi moja. Aliyeandika dawa hakuisema, wala aliyeitoa.

"Si inakua kila siku?"

Swali lililokuwa chini ya maswali yake yote alilitoa siku hiyo ya kupimwa damu. "Sista, kama ni saratani, si inakua kila siku ninayokaa hapa?"

Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye kinyama kidogo kisicho saratani, kiitwacho polipu, na safari ya kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA ulifuatilia zaidi ya watu 70,000 waliokutwa na damu iliyofichika kwenye choo. Waliofanyiwa kamera ndani ya miezi tisa hawakuonekana na hatari kubwa zaidi ya saratani kuliko waliofanyiwa ndani ya mwezi mmoja. Hatari ilipanda kwa waliochelewa miezi kumi na kuendelea. Nilimweleza pia kwamba wale walikuwa watu wa uchunguzi wa kawaida, si watu waliokuja na dalili, kwa hiyo utafiti ule hauwezi kutumika kumwambia mwenye dalili akae tu. Wiki sita kwa mtu mwenye damu na choo kilichobadilika ni nyingi kuliko ningependa. Lakini wiki chache hazina nguvu ambayo kichwa chake kilizipa saa nane za usiku.

Kwenye simu yake alikuwa amehifadhi habari nyingi za mwigizaji Chadwick Boseman, aliyefariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, baada ya kukutwa na saratani ya utumbo ya hatua ya tatu mwaka 2016. "Alikuwa mdogo kuliko mimi," aliniambia. Ni kweli, na kisa kile ni sababu nzuri ya mtu kwenda kupimwa badala ya kuipuuza damu. Ila yeye alikuwa amekwisha kwenda na alikuwa ndani ya foleni. Kazi ambayo kisa kile kingeweza kumfanyia ilikuwa imekwisha fanyika, na kukisoma tena kila usiku kulikuwa kunamnyima usingizi tu.

Kulikuwa na jambo moja la kufanya kuhusu muda, na alilifanya. Aliwapigia watu wa ratiba akauliza rufaa yake imewekwa kwenye daraja gani la haraka, akaomba daktari aambatanishe majibu ya hemoglobini na ferritini ambayo hayakuwemo mwanzoni, na akasema yuko tayari kuja kwa taarifa ya siku mbili endapo mtu ataahirisha. Nafasi ikapatikana, tarehe yake ikawahishwa kwa siku tisa. Ningetamani kila anayesubiri ajue kwamba simu ya namna hiyo inaruhusiwa na wala si usumbufu. Na kama hali imebadilika tangu rufaa iandikwe, ni wajibu kuisema.

Tulichobadilisha

Mambo yalikuwa machache. Alirudia kula, milo midogo mara nne au tano, na siku za kazi aliamka mapema ili haja ya baada ya kula imkute nyumbani. Hakuondoa kundi lolote la chakula. Alikuwa ameshauriwa na rafiki aache ngano. Kwa bahati nzuri kipimo cha siliaki kilikuwa kimefanyika kabla, maana ukiacha ngano kwanza kipimo kile kinaweza kukudanganya. Mzani ulihamia kwa jirani, akapima mara moja kwa wiki. Picha za choo alizokuwa akizipiga alizifuta. Jioni aliandika mstari mmoja tu: mara ngapi, namba gani kwenye chati ya Bristol, damu ipo au haipo, na kama alikula. Chati hiyo, iliyotolewa mwaka 1997 na Stephen Lewis na Ken Heaton wa Chuo Kikuu cha Bristol, inagawa choo katika aina saba, kuanzia vipande vigumu vilivyoachana hadi maji matupu. Inasaidia kwa sababu namba 6 ni namba 6. Haimlazimishi mtu kutafuta neno la kueleza uchafu wake, na haiachi nafasi ya kuandika "mbaya sana".

Alitaka kununua dawa za kusafisha tumbo "ili nianze mapema". Nilimkatalia moja kwa moja. Zingezidisha kuharisha na kumpunguzia maji na chumvi. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki nazo alishauriwa aziache, kwa kuwa zinaweza kuumiza kuta za utumbo na kuzidisha kuvuja damu. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, aliuliza kabla ya kumeza. Daktari alimkubalia siku za kusimamia mitihani, kwa sharti kwamba homa ikija au damu ikizidi asiiguse.

Tulimwandikia pia mambo ambayo yakitokea hatakiwi kungoja tarehe yoyote, aende hospitali siku hiyo hiyo: damu nyingi au mabonge; kuzimia au kizunguzungu cha kusimama; choo cheusi chenye kunata; maumivu makali yasiyoachia; tumbo kuvimba pamoja na kutapika na kushindwa kutoa choo wala ushuzi; homa yenye kutetemeka. Na mengine ya kupiga simu ndani ya siku chache: damu inayoongezeka kidogo kidogo, uzito unaoshuka huku anakula, maumivu mapya, na haja inayomwamsha usingizini. Hili la mwisho tulilichambua kwa makini. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri na kwenda chooni. Nilimuuliza kama haja ndiyo inayomwamsha au anaamka kwanza, analala akiwaza, kisha ndipo haja inakuja. Aliangalia kwa wiki nzima. Alikuwa anaamka kwanza. Tofauti hiyo ina uzito kwa daktari, kwa sababu kuharisha kunakomtoa mtu usingizini hufanya ugonjwa wa utumbo wa kuonekana ufikiriwe zaidi.

Nimuongelee mumewe. Mwanzoni alikuwa anamwambia "hakuna kitu, utaona", akidhani anamtia moyo. Mkewe aliisikia kama mlango unaofungwa, akaacha kumwambia chochote. Mume hakuwa na ubaya wowote. Hakujua tu kwamba mtu anayesubiri haombi utabiri. Alipobadilisha akawa anauliza, "Leo umekula mchana?" na "Unataka tuzungumze au tukae tu?" nyumba ilipoa. Akachukua pia kazi ya kupiga simu za ratiba na kupanga usafiri wa siku ya kipimo, kwa kuwa baada ya dawa ya usingizi mgonjwa haruhusiwi kuendesha gari hadi siku ya pili.

Hofu haikuisha. Kuna jioni alikaa kwenye gari nje ya nyumba akilia, daftari likiwa zuri wiki nzima. Sioni kama hilo ni kushindwa. Mtu anayeweza kuwa na saratani ana haki ya kulia hata kama amekula vizuri.

Kipimo na kilichopatikana

Vidonge vya madini chuma vilisimamishwa siku saba kabla, maana hufanya mabaki ya choo yawe meusi na ya kung'ang'ania ukutani, kamera isione. Siku mbili za mwisho alikula vyakula visivyo na makapi. Dawa ya kusafisha aliinywa kwa mafungu mawili, la kwanza jioni na la pili zikiwa zimebaki saa tano kipimo kianze. Utaratibu huo husafisha vizuri kuliko kunywa yote jioni. Nilimwambia aendelee mpaka kinachotoka kiwe maji ya manjano yanayoonyesha, apake mafuta mazito kwenye ngozi kabla haijaanza kuwaka, na asiende mbali na choo. Alisema usiku ule ulikuwa mwepesi kuliko mingi iliyotangulia, kwa sababu angalau kuharisha kwake kulikuwa na kazi.

Asubuhi yake, akiwa kitandani, alisema anajisikia anangoja hukumu. Nilimkumbusha kwamba kamera hii haiangalii tu. Tangu mwaka 1969, madaktari Hiromi Shinya na William Wolff walipokata polipu kwa kitanzi cha waya kupitia kamera huko New York, kinyama kikionekana mara nyingi huondolewa hapo hapo, kabla hakijapata muda wa kugeuka. Aliomba nirudie. Kipimo kilichukua kama nusu saa, na hakukumbuka sehemu kubwa yake.

Upande wa kushoto wa utumbo palikutwa polipu moja ya milimita 12, ikaondolewa yote. Bawasiri za ndani zilikuwepo. Kuta nyingine zilionekana nzuri, lakini daktari alikata vipande vidogo vya ukuta sehemu kadhaa vikapimwe, kwa sababu kuna kuvimba kwa utumbo mpana kunakoonekana kwa hadubini tu wakati jicho linaona utumbo safi. Ikaja subira nyingine, fupi zaidi, ya majibu ya maabara. Hii aliipitia kwa daftari lile lile na milo ile ile. Polipu ilikuwa adenoma, aina inayoweza kugeuka saratani baadaye, lakini haikuwa na saratani. Vipande vya ukuta vilikuwa salama.

Kwa hiyo hofu yake ilikuwa na msingi. Adenoma inayofikia milimita 10 ni ya kundi ambalo, likiachwa miaka, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka saratani. Angeambiwa ni bawasiri na akakubali, ingebaki pale. Wakati huo huo, kuna uwezekano mdogo sana kwamba polipu ile ndiyo iliyomharisha, na hakika siyo iliyomshusha kilo nne wala kugeuza choo chake kuwa cheusi. Kilichokuwa hatari hakikumpa dalili kali, na zilizomtesa zaidi hazikutoka kwenye hatari hiyo. Ndiyo maana nasisitiza mtu mwenye dalili akae kwenye foleni mpaka apimwe hata kama anajisikia nafuu, na ndiyo maana nasisitiza pia asijaribu kusoma jibu la kamera kwenye kila choo anachokipata akiwa anasubiri.

Kuharisha sasa kunatibiwa kama utumbo wenye hisia kali, na kumepungua bila kuisha. Kwa hedhi nzito amepelekwa kwa daktari wa wanawake. Uzito umerudi kilo tatu. Kamera nyingine ni baada ya miaka mitatu.

Kilichobaki ni ndugu zake. Miongozo kadhaa hushauri ndugu wa damu wa karibu wa mtu aliyekutwa na polipu ya ukubwa huo waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 40. Mdogo wake wa kike amekwisha kwenda. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 45, amekiri kwamba naye huona damu mara moja moja, na anasema ni bawasiri tu. Mwalimu ametupigia kuuliza amwanzishie wapi. Tumemwambia amsindikize kwa daktari, waeleze damu hiyo, na wachukue nakala ya majibu ya polipu ya dada mtu.